Land Rover ya marehemu baba inazima kila nikipanda Isyonje: nitafute tatizo au nifunge injini ya Toyota?

#1 Mtoto wa Bwana Shamba (Uyole)

Wadau wa magari ya zamani, habari za jioni.

Nina Land Rover ya marehemu baba, 109 pikapu (109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ya petroli, silinda nne, ambayo nyumbani tumezoea kuiita Series III ya 1969. Baba alikuwa bwana shamba na aliitumia kubebea mbegu za viazi na mbolea, na tangu mwaka 1998 ilikaa chini ya mparachichi nyuma ya nyumba mpaka majani yakaota ndani ya bodi. Miaka miwili iliyopita niliamua kuifufua mwenyewe hapahapa nyumbani, jioni nikitoka kazini na Jumamosi mchana. Nimekata na kuchomelea upya sehemu za chesisi zilizoliwa na kutu, nimebadili silinda zote za breki, nimeosha tenki kwa kokoto na sabuni, nimepeleka rejeta ikazibuliwa, nimefungua kabureta na kuifunga kwa gasketi mpya, na mwezi wa nne iliwaka. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni bila kusema neno, kwa kuwa alikuwa hajausikia mlio ule kwa zaidi ya miaka ishirini.

Shida iliyopo ni hii. Mjini inakwenda vizuri, na kutoka Uyole hadi Mafiati na kurudi hainisumbui hata kidogo. Lakini nikishika barabara ya Tukuyu, nikaipita Igawilo na kuanza kupanda kuelekea Isyonje, baada ya dakika kama ishirini na tano inakosa nguvu, inakohoa mara mbili tatu, kisha inazima. Geji ya joto haijawahi kupita katikati. Nikikaa pembeni nusu saa inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea, inakwenda kilomita tatu au nne, kisha inazima tena. Imenifanyia hivyo mara tano, na karibu kila mara ni mahali palepale.

Fundi mmoja amenishauri nisihangaike, niitoe injini hiyo nifunge 3L, injini ya diseli ya Toyota. Sitaki kuipoteza injini ya baba, lakini pia sitaki gari ambalo mwisho wake ni Igawilo. Naombeni mawazo yenu.

#2 Fundi wa Kabwe

Hongera sana, mkuu, kwa kazi uliyoifanya. Mimi naitazama kabureta kwanza. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 na huko unakopanda ni juu zaidi, maana yake hewa ni nyepesi, lakini jeti ya kabureta (kitundu kinachopimia petroli) inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo cha kiwandani, ambacho kilikusudiwa nchi za chini. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinajaa masizi, na injini inazama. Fungua plagi zote nne utueleze rangi yake. Kama ni nyeusi na kavu kama sufuria iliyotoka kwenye kuni, jibu tunalo.

#3 Kamwene wa Ipogolo (Iringa)

Kamwene. Nina Peugeot 504 pikapu, na ugonjwa unaoueleza naufahamu vizuri kwa sababu ulinitesa miaka mitatu kwenye mlima Kitonga. Unatoka Ruaha Mbuyuni kwenye joto, unaanza kupanda kwa gia ya pili, mwendo ni mdogo na upepo hauingii kwenye boneti, petroli iliyo ndani ya bomba inapata moto na kugeuka mvuke kabla haijafika kwenye kabureta. Pampu ya mafuta haiwezi kusukuma mvuke, kwa hiyo injini inazima. Ukisubiri, mvuke unapoa na kurudi kuwa petroli, gari linawaka. Mimi nilikuwa nikibeba kitambaa na chupa ya maji, nikifika kwenye kona za juu nasimama, nakilowesha na kuizungushia pampu, na baada ya dakika tano naendelea na safari. Usisahau kwamba 504 ndilo gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, kwa hiyo siyo gari bovu, ni joto tu.

#4 Mwalimu wa Karakana (Mbeya)

Nianze na utambulisho wa gari, kwa sababu vipuri utakavyoagiza vinautegemea. Haliwezi kuwa Series III la mwaka 1969, kwani Series III zilianza kutengenezwa mwaka 1971 na kuendelea hadi 1985. Tueleze mambo mawili: geji ziko mbele ya dereva au katikati ya dashibodi, na taa kubwa ziko kwenye matao ya mbele au karibu na rejeta?

Kuhusu kuzima, mimi sijasadiki bado kuwa ni mafuta. Gari la pointi (visahani vinavyokata na kuunga umeme wa cheche) lina kipuri kidogo kinachoitwa kondensa, kiko kwenye distributa, na kikichoka kina tabia hiyohiyo unayoieleza: kikiwa baridi kinafanya kazi, kikishapata moto kinaanza kuvuja umeme, cheche inafifia na injini inakata, kisha kikipoa kinarudi. Koili nayo hufanya vivyo hivyo. Siku itakapozima tena, usikimbilie kuiwasha. Toa plagi moja, iunge kwenye waya wake, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali kabisa na kabureta na mafuta, kisha mtu azungushe stata. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Cheche ya njano iliyofifia, au kutokuwepo cheche, kunakupeleka kwenye kondensa na koili. Ukishajua ni cheche au ni mafuta, umeshamaliza nusu ya kazi, na hutakuwa tena unapiga ramli na kununua vipuri.

#5 Mtoto wa Bwana Shamba (Uyole)

Shukrani kwa wote. Mwalimu, geji ziko katikati, na taa ziko kwenye matao ya mbele. Kadi ya gari inasema 1969.

Fundi wa Kabwe, nimefungua plagi leo. Tatu ni nyeusi, na moja, ya silinda ya kwanza, ina rangi ya kahawia.

Mkuu wa Ipogolo, umenikumbusha kitu ambacho sikukiandika. Bomba la chuma la mafuta lilikuwa limetoboka, na badala yake nimeweka mpira kutoka kwenye pampu hadi kwenye kabureta, na unapita karibu na manifoldi ya ekzosti, kama upana wa vidole vitatu.

#6 Mwalimu wa Karakana (Mbeya)

Basi hiyo ni Series IIA ya mwishoni. Geji kuwa katikati kunaiondoa kwenye Series III, na taa kuhamia kwenye matao kunaiweka karibu na mwisho wa miaka ya 1960. Tofauti kubwa utakayokutana nayo ni gia boksi: kwenye IIA ni gia ya tatu na ya nne tu zenye sinkro (kinacholinganisha mwendo wa meno ili gia iingie bila kusaga), wakati Series III ina sinkro kwenye gia zote nne. Kwa hiyo ukirudi gia ya pili huko mlimani, kanyaga klachi mara mbili na katikati upige mafuta kidogo, la sivyo utasaga meno ya gia ambayo kuyapata ni kazi.

#7 Fundi wa Kabwe

Plagi tatu nyeusi. Nilisema.

#8 Kamwene wa Ipogolo (Iringa)

Vidole vitatu kutoka kwenye ekzosti! Fundi wa Kabwe, mwache kijana ahamishe mpira kwanza kabla hujamfungulisha kabureta. Kwenye injini hizo manifoldi ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi zimefungwa pamoja upande mmoja, kabureta imekaa juu yake, na hata kwa bomba la chuma joto ni kubwa. Kwa mpira, tena karibu hivyo, ni kuchemsha petroli.

#9 Binti wa Tukuyu

Habari zenu. Nilisomea uhandisi mitambo hapo MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, na gari la kwanza kujifunzia lilikuwa Land Rover ya babu, kwa hiyo naomba kuweka hesabu kidogo mezani.

Kwenye mwinuko wa mita 1,700 kanieneo ya hewa hupungua kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na usawa wa bahari. Injini hiyo ya lita 2.25, yenye sentimita za ujazo 2,286, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi zipatazo 70, na kwa kuwa haina tabo (kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini), kwa Mbeya inabaki na chini ya 60. Kwa hiyo kukosa nguvu mlimani ni jambo la kawaida na halina tiba ya bei rahisi. Lakini kukosa nguvu ni jambo moja, na kuzima baada ya dakika ishirini na tano kisha kuwaka baada ya nusu saa ni jambo lingine kabisa. Mchanganyiko mzito wa mafuta, ambao Fundi wa Kabwe yuko sahihi kwamba upo, ungelisumbua gari muda wote, hata asubuhi, hata baada ya kupumzika. Haungesubiri saa.

Nakubaliana na mkuu wa Ipogolo kwa kiasi, na nimwongezee hoja: petroli, kama yalivyo maji, huchemka kwenye joto dogo zaidi pale kanieneo ya hewa inapopungua. Maji ya kawaida kwenye mita 1,700 huchemka kwenye nyuzi kama 94, hayasubiri 100. Kwa hiyo baridi ya Isyonje haikuokoi kama watu wanavyodhani.

Hata hivyo kuna jambo hakuna aliyeliuliza. Kifuniko cha tenki ni cha asili? Kifuniko kinapaswa kuwa na njia ya kupumua. Kikiziba, kila lita inayotumika inaacha nafasi tupu isiyo na hewa ndani ya tenki, pampu inavuta mpaka inashindwa, na injini inazima. Ukisimama nusu saa, hewa inapenya polepole na gari linawaka tena. Mjini hulioni tatizo hilo kwa kuwa unatumia mafuta kidogo na unasimamasimama. Mlimani injini inakunywa. Likizima, kabla ya kugusa chochote, fungua kifuniko na usikilize.

#10 Dereva Mstaafu (Mbalizi)

Wanangu, nimeendesha Land Rover za serikali kwenda Makete na Sumbawanga kabla wengi wenu hamjazaliwa, naomba mnisikilize. Kwanza, gari hilo chanya ndiyo inayofungwa kwenye bodi, na kama umeunga betri kinyume, umeme wote utakusumbua. Pili, injini hizi zilizaliwa kwenye petroli yenye risasi, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikilinda viti vya vali. Petroli ya siku hizi haina, viti vinaliwa, vali zinazama, kompresheni inapotea, na ikishapata moto inazima. Peleka silinda hedi kwa mchongaji.

#11 Mwalimu wa Karakana (Mbeya)

Shikamoo, mzee wangu. Uliyosema kuhusu risasi ni kweli, kwani nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia Januari 2006, na kuna injini za zamani zilizoumia. Ila kijana anaweza kujipima mwenyewe nyumbani bila kushusha hedi. Kipimo cha tapeti, yaani nafasi inayoachwa juu ya vali ikiwa imefungwa, kwenye injini hiyo ni milimita 0.25 kwa vali zote nane. Apange kwa fila geji leo, atembee wiki kadhaa, apime tena. Nafasi ikiwa inapungua, vali inazama kwenye kiti chake. Na kwa heshima, kiti cha vali kilicholiwa hakiponi kwa kupumzika nusu saa.

Kuhusu betri, mzee, chanya kwenye bodi ilikuwa kwa zile za mwanzo. Za mwishoni mwa miaka ya 1960 zilishahamia hasi kwenye bodi. Lakini gari la umri huo limepita mikononi mwa watu wengi, kwa hiyo asitegemee kitabu wala sisi. Aufuate kwa macho waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chesisi na kutazama alama ya nguzo ulikofungwa, hasa kabla ya kufunga altaneta, maana altaneta ikiungwa kinyume huungua papo hapo.

#12 Dereva Mstaafu (Mbalizi)

Marahaba, mwanangu. Nimekubali ya betri. Ya vali siachii mpaka apime.

#13 Mwana Mafinga

Naona mnazunguka mlima mmoja wiki nzima. Mimi nilikuwa na 109 kama hiyo, nikafunga 3L, diseli ya lita 2.8, na leo ni mwaka wa sita nabeba mbao. Haina pointi, haina kondensa, haina kabureta, na vipuri vyake vipo kila mji mpaka vijijini.

Lakini nitakueleza na gharama zake, kwa sababu fundi wako hakukueleza. Injini haiingii yenyewe: inabidi kuchongesha bamba la kuunganisha injini na gia boksi, kukata na kuchomelea upya vishikio vya injini kwenye chesisi, kubadilisha rejeta na mfumo wa moshi. Bamba langu la kwanza lilichongwa likiwa limepinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, na liliua beringi ya mbele ya gia boksi ndani ya miezi miwili. Kisha ekseli ya nyuma ikakatika nikiwa na mzigo karibu na Sao Hill, kwa kuwa nguvu iliongezeka na ekseli ilikuwa ileile. Na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadili unatakiwa kwenda TRA (mamlaka ya mapato) kadi irekebishwe, la sivyo siku ya kuuza au ya ajali utajuta.

#14 Wa Njombe Mjini

Kama ni lazima kubadili, kwa nini Toyota? 200Tdi, diseli yenye tabo ya Land Rover wenyewe iliyotoka na Discovery mwaka 1989, inafunga kwenye kengele (ganda la mbele) ya gia boksi ya Series bila bamba la kuchonga. Halafu kwa sisi tunaoishi juu, tabo ndiyo dawa ya ule upungufu wa hewa aliouhesabu Binti wa Tukuyu, kwa kuwa inasukuma hewa ndani badala ya kuisubiri. 3L haina tabo, kwa hiyo huko Isyonje nayo itapumua kwa shida.

#15 Mwana Mafinga

Na 200Tdi utaipata wapi ikiwa nzima, mkuu? Ya 3L naipata Mafinga, Makambako, Mbeya, popote. Hilo ndilo linalowapa watu uamuzi.

#16 Binti wa Tukuyu

Kabla ya kufikia huko, ndugu yangu wa Uyole, kuna maboresho madogo ambayo hayaiondoi injini ya baba na unaweza kuyarudisha nyuma wakati wowote: kuwasha kwa elektroniki badala ya pointi, kitu ambacho kinaingia palepale ndani ya distributa, kabureta mpya ya Weber badala ya Zenith ambayo kifuniko chake cha juu kina tabia ya kupinda na kuvujisha petroli ndani, na sevo ya breki (kifaa cha kuongeza nguvu ya mguu kwenye breki), ambayo kwangu mimi ingetangulia yote, kwa kuwa barabara hiyo unayoipanda ndiyo utakayoishuka.

Nilisoma umebadili silinda za breki. Ulisafishaje vumbi la ngomani?

#17 Mtoto wa Bwana Shamba (Uyole)

Dada, nilipuliza kwa kompresa.

#18 Binti wa Tukuyu

Tafadhali usirudie. Bitana za breki za miaka ile nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki, na madhara yake huonekana baada ya miaka mingi. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa kiweke kwenye mfuko na kuufunga, na watoto wasiwepo karibu. Gasketi za zamani za manifoldi nazo usizikwangue zikiwa kavu.

#19 Mtoto wa Bwana Shamba (Uyole)

Nimekuelewa, dada, na nashukuru sana. Sikuwa nalijua hilo kabisa, na mdogo wangu alikuwa amenishikia taa siku ile.

Naomba niulize na hili wakati bado tuko hapa: kwenye bodi, kila palipo na ribiti kuna unga mweupe umetuna chini ya rangi, ukiugusa unamomonyoka kama chokaa. Chesisi ndiyo iliyooza kwa kutu nyekundu, lakini bodi si chuma. Ni nini?

#20 Mwalimu wa Karakana (Mbeya)

Bodi ni aloi ya alumini, inaitwa Birmabright, na sababu yake ni kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, alumini ikawa inapatikana kwa urahisi zaidi wakati Land Rover ya kwanza inatoka mwaka 1948. Ubaya ni kwamba alumini ikigusana na chuma na katikati pakawa na unyevu, panatokea kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Huo unga mweupe ndiyo alumini yako. Kwa ukungu na mvua zetu za Mbeya, gari lililokaa chini ya mti linakuwa na unyevu nusu ya mwaka. Toboa ribiti zilizoathirika, sugua mpaka ukutane na alumini inayong'aa, paka praima ya alumini na siyo ile nyekundu ya chuma, na unaporudisha weka kipande chembamba cha mpira au paka mastiki kati ya alumini na chuma. Ukipiga rangi juu ya unga, mwakani utakuta rangi imeinuka palepale.

#21 Fundi wa Kabwe

Naomba nirudi kwenye 504. Mkuu wa Ipogolo, gari la Peugeot lililoshinda 1978 lilikuwa kupee yenye injini ya V6. Pikapu yako ya mahindi haikuwepo.

#22 Kamwene wa Ipogolo (Iringa)

Mkuu, ya 1975 hukuigusa, na hiyo ilikuwa 504 ya kawaida ya milango minne. Nakubali nusu ya deni. Kijana wa Uyole, mpira umeuhamisha?

#23 Mtoto wa Bwana Shamba (Uyole)

Bado. Naleta matokeo ya Jumamosi, na naomba msome kwa subira kwa kuwa mimi mwenyewe sijui niyasomeje.

Ijumaa usiku nilibadili kondensa kama Mwalimu alivyosema. Mpira, kabureta na kifuniko cha tenki sikuvigusa. Niliondoka Uyole saa moja asubuhi, kukiwa na ukungu mzito kiasi kwamba niliwasha taa. Nikaipita Igawilo, nikafika mahali pale ambapo huzima. Ilianza kukohoa kama siku zote, lakini haikuzima. Nikasimama mwenyewe injini ikiwa inaunguruma kwa shida, nikaizima, nikaenda kwenye tenki. Nilipozungusha kifuniko robo tu, hewa iliingia kwa sauti, fyuuu, ndefu, hata kijana aliyekuwa akipita na punda aligeuka. Nikaangalia kikombe cha kioo cha pampu: kilikuwa na petroli chini ya nusu, na chini kabisa kuna tope la rangi ya kahawia, jembamba kama kahawa iliyotulia. Nikarudisha kifuniko bila kukikaza, nikapumzika kama dakika kumi, nikapanda mpaka Isyonje bila kusimama. Pale juu nikafungua plagi: mbili nyeusi, mbili za kahawia.

Kifuniko nilikinunua kwenye vyuma chakavu. Nimekiangalia leo kwa tochi, hakina tundu lolote.

#24 Binti wa Tukuyu

Sauti hiyo ndiyo niliyokuwa naisubiri. Tenki lilikuwa linanyonga pampu. Toboa tundu la milimita moja au tafuta kifuniko chenye njia ya hewa.

#25 Mwalimu wa Karakana (Mbeya)

Dada, hewa imesikika na sikatai. Lakini mara tano zote za mwanzo gari lilizima, na mara ya sita, kifuniko kikiwa kimekazwa vilevile, lilikohoa tu bila kuzima. Kilichobadilika kati ya mara ya tano na ya sita ni kondensa. Inawezekana yalikuwa magonjwa mawili yanayokutana mahali pamoja.

#26 Kamwene wa Ipogolo (Iringa)

Kilichobadilika ni kondensa na saa. Siku za nyuma ulikuwa unapanda saa ngapi, kijana? Kama ilikuwa mchana wa jua, na Jumamosi ilikuwa saa moja asubuhi kwenye ukungu, mvuke usingepata nafasi. Kisha ukapumzika dakika kumi, mpira ukapoa. Kikombe kuwa nusu ndivyo kinavyokuwa mvuke ukiingia.

#27 Mtoto wa Bwana Shamba (Uyole)

Mara zote tano ilikuwa baada ya saa sita mchana.

#28 Fundi wa Kabwe

Na plagi mbili bado nyeusi hata baada ya kupanda vizuri. Kabureta haijapona. Tope hilo la kahawia nalo ni kutu ya tenki: kokoto na sabuni havikutosha, na tope likipita kwenye kikombe litaishia kwenye jeti.

#29 Dereva Mstaafu (Mbalizi)

Tapeti umepima?

#30 Mtoto wa Bwana Shamba (Uyole)

Nimepima, mzee wangu. Saba ziko sawa, ya ekzosti kwenye silinda ya tatu ilikuwa imebana, nimeirudisha kwenye 0.25 na nimeandika tarehe kwa chaki chini ya boneti.

#31 Dereva Mstaafu (Mbalizi)

Hiyo ya tatu ichunge.

#32 Binti wa Tukuyu

Ndugu yangu, ukibadili vitu viwili kwa siku moja hutajua kipi kilichokuponya. Rudisha kondensa ya zamani. Usiguse mpira, usiguse kabureta. Legeza kifuniko tangu nyumbani, panda mchana wa jua, saa zilezile za siku zote. Likizima na hewa haikusikika, angalia cheche kwanza kama Mwalimu alivyoelekeza, kisha kikombe cha pampu, na uandike kabla ya kupumzika.

#33 Mwana Mafinga

Ukikwama, mimi ninapita barabara ya Tukuyu Jumamosi hiyo na kamba ninayo. Na 3L bado ipo kwa rafiki yangu, ila sikuharakishi.

#34 Mtoto wa Bwana Shamba (Uyole)

Ndaga fijo, wote. Kondensa ya zamani nimeirudisha jioni hii. Jumamosi nitaondoka Uyole saa saba mchana, kifuniko kikiwa kimelegezwa na nimekifunga kitambaa kisidondoke. Plagi ya kupimia, chupa ya maji na daftari viko kwenye kiti. Mama amesema safari hii naye anapanda, kwa hiyo nitasimama mara nyingi zaidi.